Haisi Ikigoma Ugenini: Zima Injini Kwanza, Mengine Yatafuata

Tulikuwa tumetoka Lusaka tunarudi nyumbani Mbeya, tumeshaipita Serenje, tunaitafuta Mpika. Kati ya miji hiyo miwili kuna zaidi ya kilomita 200, na sehemu kubwa ni pori la miombo. Mshale wa joto kwenye deshibodi ya Haisi yangu siku zote hukaa chini kidogo ya katikati. Kwenye kilima kimoja ukasogea juu, upana wa ukucha tu. Tulipomaliza kilima haukurudi. Garini kulikuwa na watu tisa, mama mkwe akiwamo, na jua lilikuwa linaelekea kuzama. Nikajiambia nitasimama kijiji kinachofuata, nikaendesha kilomita sita nyingine.

Kilomita hizo sita ndizo zilizonifanya niandike mwongozo huu. Silinda hedi, kifuniko cha juu cha injini, ilinusurika kwa bahati. Ubovu wenyewe ulikuwa mdogo, wa kutengenezwa kwa kipande cha mpira kirefu kama shibiri moja. Karibu kila injini niliyoiona imekufa safarini haikuuawa na hitilafu ya mwanzo. Iliuawa na mwendo ulioendelea baada ya dalili kuonekana. Na ugenini ndipo tunapoendelea zaidi, kwa sababu tunaogopa kulala porini kwenye nchi ya watu, hatujui lugha, hatujui fundi, na ndani kuna watoto na wazee.

Nitatumia mfano wa Haisi ya umbo la H200, iliyoanza kutengenezwa 2004, kwa sababu ndiyo ninayoiendesha na ndiyo iliyojaa barabara zetu. Mwenye Noah, Alphard au Caravan iliyotoka Japani atakuta mengi yanamhusu.

Kabla ya kuvuka mpaka: lijue gari lako kwa jina lake kamili

Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani halina namba ya chesisi ya tarakimu 17 kama magari ya Ulaya. Lina namba fupi: herufi na tarakimu za modeli, kistari, kisha tarakimu saba. Hizo herufi za mwanzo ndizo zinazosema injini yako ni ipi. KDH200 ni injini ya 2KD, dizeli, lita 2.5. KDH201 ni 1KD, dizeli, lita 3.0. KDH206 ni 1KD hiyo hiyo ila inavuta magurudumu yote manne. TRH200 ni 1TR ya petroli, lita 2.0.

Nyumbani huna haja ya kuyakumbuka haya, fundi wako anayajua kuliko wewe. Ugenini ndiyo lugha pekee utakayoelewana nayo na muuza spea. Afrika Kusini Haisi hii inaitwa Quantum, na dizeli yao iliyozoeleka ni 2KD. Ukiingia dukani Kabwe au Lusaka ukasema tu "nataka pampu ya maji ya Haisi ya dizeli", unaweza kupewa isiyo yako. Piga picha kibati cha maelezo ya gari, namba ya injini na kadi ya gari, uzihifadhi kwenye simu mbili tofauti.

Jambo la pili ni taimingi belti. Injini za KD, yaani 1KD na 2KD, zina mkanda, na ukikatika vali zinagongana na pistoni. Za TR zina mnyororo. Kama umenunua gari na hakuna anayeweza kukuonyesha lini mkanda ulibadilishwa, usisafiri nao. Usitegemee kilomita zinazoonekana kwenye deshibodi, maana hizo huchezewa, na taa ya T-BELT inaweza kuwa ilizimwa na mtu bila mkanda kuguswa. Badilisha, kisha andika tarehe na kilomita kwenye karatasi ubandike mlangoni.

Vitu vya kubeba havijazi hata boksi moja: chujio la dizeli jipya, mkanda wa alteneta, oili lita mbili, maji safi lita kumi (mbali na ya kunywa), nusu mita ya mpira wa hita na klipu zake sita, fyuzi za aina zote, selotepu ya umeme, waya, tochi ya kufunga kichwani, kizimamoto, na pembetatu mbili. Spana namba 10, 12, 14, 17 na 19 zinafungua karibu boliti zote za Toyota utakazohitaji kuzigusa barabarani. Huo mpira wa hita mimi sikuwa nao, na utaona kwa nini nauweka.

Hatua ya kwanza: zima, toka barabarani, shusha watu

Taa nyekundu ya oili ikiwaka, simama hapo hapo penye usalama na uzime. Usisubiri kituo cha mafuta, usisubiri kivuli. Injini bila presha ya oili inajisaga yenyewe kwa muda mfupi kuliko unaohitaji kumpigia mtu simu.

Mshale wa joto ukipanda kupita mahali pake pa kila siku, zima AC, fungulia hita yote na feni yake mpaka mwisho, shusha vioo, punguza mwendo. Hita ni rejeta ndogo, inasaidia kutoa joto. Abiria watalalamika, waombe radhi. Kama ndani ya dakika moja mshale haujaanza kushuka, au kama hita inapuliza hewa baridi, ambayo ni dalili kwamba maji yameisha, simama na uzime.

Taa ya njano ya injini ni habari nyingine. Ikiwaka bila kupepesa na gari linakwenda kama kawaida, unaweza kufika mji unaofuata polepole. Kosa linalofanyika sana ni kuzichukulia taa zote sawa: dereva anahangaika na ya njano siku nzima, halafu nyekundu anaipuuza dakika tano.

Ukisogea pembeni, toa gari lote kwenye lami kama bega la barabara linaruhusu. Kwenye njia ya Tunduma kwenda Lusaka malori hayalali, yanapishana usiku kucha, mengine yamebeba shaba kwenda bandari ya Dar es Salaam, na mabega ya barabara ni membamba. Weka pembetatu moja mbele na moja nyuma, hatua hamsini au zaidi kutoka kwenye gari. Ukiwa umeharibikiwa baada ya kona, weka kabla ya kona. Majani ya miti barabarani yanaeleweka na madereva wote wa ukanda huu, ila ukiondoka yaondoe.

Abiria wote wakae nje ya gari, upande wa porini, mbali na lami. Hapa kuna jambo ambalo mwenye gari la Kijapani anapaswa kulijua kabla. Mlango wa kusukuma wa Haisi uko kushoto. Tanzania, Kenya, Uganda, Malawi na Zambia tunaendesha kushoto, kwa hiyo mlango unafungukia pembeni salama. Rwanda, Burundi na Kongo wanaendesha kulia. Ukiharibikiwa huko na ukasogea pembeni, mlango wa abiria unafungukia katikati ya barabara. Usimruhusu mtoto kuugusa. Watoe watu mmoja mmoja, wewe ukiwa umesimama nje unaangalia magari, au wapitishie mlango wa dereva.

Hatua ya pili: kama limechemsha

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo injini nyingi zinapopotea.

Injini ya Haisi iko chini ya viti vya mbele. Kiti cha abiria kinanyanyuka, lakini usikinyanyue kwa haraka. Subiri mvuke upungue, simama pembeni, uso mbali, kizimamoto kikiwa mkononi au karibu na mkono. Nikiwa na wasiwasi wangu wote wa usiku ule, nilikuwa nimeshashika kitambaa niende kwenye kifuniko cha rejeta, lori la Kitanzania likasimama mbele yetu. Dereva aliona namba zetu za T. Alishuka akiwa anapaza sauti kabla hajafika: "Kaka, acha hicho kifuniko! Acha hapo hapo!" Maji yaliyo ndani ya rejeta iliyochemka yako kwenye presha. Ukifungua, yanageuka mvuke papo hapo na kuruka hadi usoni. Subiri angalau dakika arobaini, mpaka uweze kuushika mpira mkubwa wa rejeta kwa mkono mtupu na ukausikia umelegea.

Usimwage maji baridi kwenye injini yenye moto, nje wala ndani. Hedi ya aluminiamu ikipoozwa ghafla inapinda au inapasuka. Injini ikishapoa, ongeza maji kidogo kidogo. Washa, iache ingurume taratibu bila kukanyaga mafuta, endelea kuongeza taratibu huku mapovu ya hewa yakitoka.

Sasa tafuta maji yalikopita. Lala chini na tochi. Angalia mpira wa juu na wa chini wa rejeta kwenye maungio, pampu ya maji, na mkanda kama upo. Koolanti ya Toyota ina rangi ya waridi, na pale inapovuja polepole inaacha ukoko mkavu, mweupe wenye wekundu kwa mbali. Ukoko huo ni ramani.

Kwetu sisi mbele palikuwa pakavu kabisa. Tulilala pale. Dereva wa lori alikuwa na haraka ya kufika mpakani lakini alichukua namba yangu, akaahidi kutuma mtu kutoka Mpika, kwa sababu pale tulipokuwa mtandao haukushika. Asubuhi saa mbili akaja kijana na begi la spana nyuma ya pikipiki. Alikuwa amewahi kufanya kazi Tunduma, Kiswahili chake kilitosha. Hakufungua chochote. Alitandika gunia, akaingia chini ya gari, si mbele kwenye injini bali katikati, chini ya miguu ya abiria. Nikaona kidole chake kikifuata mabomba mawili ya chuma yanayopita chini ya sakafu. Mahali fulani alisimama, akakwangua kwa ukucha. Kutu ikabanduka kama ganda la muhogo uliochomwa, na chini yake pakaonekana unyevu wa waridi.

"Mzee, unaona? Hii bomba inapeleka maji moto nyuma, kwa hita ya abiria. Nyumbani mnaitumia?"

"Sijawahi hata kujua ipo, mdogo wangu."

"Basi tuifunge. Mbele hapa, tuzungushe maji yarudi."

Haisi nyingi za Japani zina hita ya pili nyuma. Kule Hokkaido na mikoa ya kaskazini majira ya baridi barabara humwagiwa chumvi ili theluji iyeyuke, na chumvi hiyo inakula vyuma vya chini ya gari kwa miaka. Gari linafika kwetu limepakwa rangi nyeusi chini, linang'aa, na hayo mabomba hakuna anayeyaangalia kwa sababu hakuna anayewasha hita ya nyuma Mbeya wala Dar. Lakini maji yanapita humo. Bomba likitoboka, injini inapoteza maji kutoka mahali ambapo huwezi kupaona ukinyanyua kiti.

Tiba ya barabarani ni hii. Tafuta mahali ambapo mipira miwili inaingia kwenye mabomba hayo upande wa mbele. Chomoa yote miwili kwenye mabomba, kisha iunganishe yenyewe kwa yenyewe kwa kipande cha mpira kilichopinda kama herufi U na klipu mbili za kukaza. Maji yanazunguka mbele na kurudi, nyuma hayaendi tena. Yule kijana alikata mpira kutoka kwenye begi lake. Kazi ilichukua nusu saa, na nyingine nusu saa ya kujaza maji na kutoa hewa. Ukiweza, lala chini ya gari lako kesho asubuhi uyaangalie mabomba hayo kabla hujapanga safari yoyote.

Ukipona kwa njia hii, endelea kwa mwendo mdogo na mwanzoni usimame kila baada ya nusu saa kuangalia maji. Kama maji yanapungua na hayaonekani yanapovuja, kama moshi mweupe unatoka hata injini ikiwa ya moto, kama oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, au kama rejeta inatoa mapovu bila kukoma, gasketi ya silinda hedi imeungua. Hapo safari kwa magurudumu yako imeisha, panga kuvutwa. Na fundi akikushauri kutoa thamostati ili "injini ipumue", kataa. Inafunguka yenyewe maji yakifika takriban nyuzi 82, na kazi yake ni kuiweka injini kwenye joto linalofaa. Ukiitoa umeficha tatizo, hujalitibu. Imekwama? Weka nyingine.

Kama gari linakosa nguvu au linazima

Dizeli ya kisasa inaumwa mafuta mabaya kuliko kitu kingine. Tanzania, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (alama ya kemikali) kwenye mafuta 2010 kwa sababu ya uchakachuaji, hivyo tunajua vizuri mafuta ya taa yanafanya nini kwenye dizeli. Ukikaribia mpaka wowote utaona vijana na madumu wanauza kwa bei nafuu. Usinunue. Jaza Tunduma kituoni, jaza tena kwenye mji wenye vituo vikubwa.

Taa ya chujio la dizeli ikiwaka, mara nyingi ni maji yamejikusanya chini ya chujio. Weka chupa iliyokatwa chini yake, legeza koki ya chini, bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya chujio mpaka maji yatoke na ifuate dizeli safi. Kaza kwa vidole, usitumie koleo. Bonyeza tena mpaka pampu iwe ngumu, ndipo uwashe. Ukiishiwa dizeli njiani, ukajaza na gari likagoma, kawaida ni hewa: bonyeza pampu hiyo hiyo mpaka iwe ngumu kabla ya kupiga stata, vinginevyo utamaliza betri bure.

Kuna jambo moja la hatari ambalo lazima niliseme wazi. Mafundi waliokulia kwenye injini za 3L na 5L wamezoea kulegeza nati za mabomba ya nozeli injini ikizunguka, ili kutoa hewa au kujua silinda ipi haifanyi kazi. Kwenye injini hizo za zamani iliwezekana. Kwenye 1KD na 2KD, ambazo ni za komoni reli (nozeli zote hulishwa na bomba moja la presha kubwa), presha ya dizeli ndani ya mabomba yale inaweza kufika zaidi ya bar 1,000. Ikichomoza kwenye upenyo mdogo inapenya ngozi kama sindano, na mtu anaweza kupoteza mkono. Fundi yeyote atakayeshika spana kuelekea mabomba yale injini ikiwa inawaka, mzuie, hata kama ana umri wa baba yako. Mwambie kwa heshima: "Mzee wangu, hii ni komoni reli, tusiifungue."

Moshi nao unasema. Mweusi mzito na gari halivuti: hewa haiingii vya kutosha, anza na chujio la hewa na mipira ya tabo, huenda mmoja umechomoka. Wa bluu: oili inaungua, angalia dipstiki kila unaposimama. Mweupe asubuhi tu, wenye harufu kali ya dizeli, na sauti ya kugonga: nozeli zimechoka. Kwenye 1KD usilipuuze hilo, kwa sababu sili za nozeli zikivuja masizi yanaingia kwenye oili na mwishowe yanaziba chujio la kunyonyea lililo ndani ya sampu, karai la oili chini ya injini. Ndiyo maana taa ya oili ikiwaka kwenye injini hii huku dipstiki ikionyesha oili imejaa, usijipe moyo kwamba ni waya. Isiwashwe tena mpaka sampu ifunguliwe.

Kama haliwaki kabisa

Betri kwanza. Haisi za dizeli za mikoa ya baridi zina betri mbili, na wengi wanadhani ni za volti 24. Hapana. Zote ni volti 12 na zimeunganishwa sambamba. Malori ndiyo ya volti 24, na katika njia hii atakayesimama kukusaidia kwanza atakuwa dereva wa lori, kwa moyo safi, na waya zake mkononi. Mshukuru, usikubali. Umeme wa lori utachoma kompyuta ya injini yako. Subiri gari dogo.

Gari la gia za kujiendesha (otomatiki) haliwashwi kwa kusukuma, msiwachoshe wanakijiji.

Kuhusu mashine za kusoma makosa: nyingi za bei rahisi haziongei na Toyota za soko la Japani za miaka ya nyuma, ingawa tundu la kuchomekea ni lile lile. Fundi wa umeme akikuambia "gari lako halisomeki", haimaanishi kompyuta imekufa. Anayezijua Toyota hizi ataunganisha tundu namba 4 na namba 13 kwa kipande cha waya, atafungua swichi bila kuwasha injini, kisha atahesabu jinsi taa ya injini inavyopepesa. Wewe usijaribu kama huzijui namba hizo, maana namba 16 ina umeme wa betri moja kwa moja.

Hatua ya tatu: fundi usiyemjua

Mpate kupitia mtu mwenye gari kama lako. Madereva wa mabasi madogo wa mji husika wanajua nani anatengeneza na nani anaharibu, kuliko mwenye nyumba ya wageni. Salimia kwanza kwa lugha yao. Kaskazini mwa Zambia, "Mulishani mukwai" na mwishoni "Natotela" zitakufungulia milango ambayo pesa haifungui. Nakonde yenyewe, mji wa Zambia unaopakana na Tunduma, Kiswahili kinatosha.

Mpigie fundi wako wa nyumbani na waache wawili waongee. Kabla ya hapo mrekodie sauti ya injini, video ya sekunde ishirini, simu ikiwa karibu na sehemu inayogonga. Mimi nilifanya hivyo Mpika, na fundi wangu wa Mbeya alitambua kwa sauti tu kwamba gasketi haijaungua. Lilinituliza kuliko chakula. Laini ya simu ya nchi husika isajili mpakani kwa pasipoti, usisubiri kuharibikiwa.

Kubalianeni bei ya ufundi kabla spana haijagusa boliti, na spea zihesabiwe mbali. Kila kifaa kilichotolewa kirudi mkononi mwako. Kaa pale. Usiende kulala hotelini ukaacha injini imefunguliwa.

Kuvutwa

Haisi, ukiacha za magurudumu yote manne kama KDH206, inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Ikiwa ya gia za kujiendesha, usiivute magurudumu ya nyuma yakiwa chini kwa umbali wa maana, maana injini ikiwa imezimwa gia hazipati oili. Ipande juu ya lori, au inyanyuliwe nyuma, au shafti ifunguliwe. Noah na Alphard za kuvuta mbele ni kinyume chake, zinyanyuliwe mbele. Na ukivutwa kwa kamba, acha ufunguo umefunguliwa ili usukani usijifunge, na kumbuka breki zitakuwa ngumu sana kwa sababu injini haiwaki.

Spea na makaratasi

Kila jiji lina mtaa wake wa spea: Dar es Salaam ni Gerezani na Kariakoo, Nairobi ni Kirinyaga Road, Kampala ni Kisekka. Kwa Lusaka anza Kamwala. Ukiwa karibu na mpaka kuliko jiji, mara nyingi ni haraka zaidi kuagiza kutoka nyumbani kwa basi, mtu akapokea Tunduma na kuvuka nayo, risiti ikiwa juu, apite forodha kihalali.

Kadi ya njano ya COMESA ni bima ya kuwalinda wengine utakaowaumiza au kuwaharibia mali. Hailipi injini yako wala gharama za kuvutwa. Nimeona watu wakiishikilia kwa matumaini makubwa gereji, haitasaidia hapo.

Kibali cha kuingiza gari kwa muda kina tarehe ya mwisho. Gari likikwama gereji na tarehe inakaribia, nenda ofisi ya forodha iliyo karibu kabla haijaisha, ukiwa na barua ya gereji yenye namba ya gari, ubovu, na muda unaotarajiwa. Ukienda baada ya tarehe kupita, mazungumzo yanakuwa ya faini.

Na ikifika mahali pa kubadilisha injini nzima, fikiri mara mbili kabla ya kuifanya ng'ambo. Namba ya injini imo kwenye kadi ya gari. Ukirudi mpakani na namba nyingine utaulizwa, na una haki ya kuulizwa, kwa sababu ndivyo magari ya wizi yanavyopita. Dai risiti yenye jina la muuzaji, namba ya injini mpya na ya zamani. Piga picha zote mbili, nenda polisi wa eneo hilo upate maandishi, kisha ukifika mpakani jitangaze mwenyewe kabla hujakaguliwa, uulize ushuru wa injini hiyo. Ukivuka, peleka karatasi hizo TRA kadi irekebishwe wiki hiyo hiyo, risiti ikiwa bado haijafifia wino.